Kurasa za Njugu

Kitabu changu cha kwanza sikukinunua,
nilikila.

Bi Mwatime wa Langoni alikuwa na sinia la njugu za chumvi,
kikombe cha kupimia kilichobonyea ubavu,
na kitabu kisicho jalada
alichokichana taratibu, akikunja, akijaza, akifunga pembe.
Senti kumi: njugu kiasi, hadithi kiasi.
Nilitafuna upesi ili nisome polepole.

Ukurasa wa arubaini na moja: mtu anabisha mlango, usiku, mvua.
Kesho yake nikapata wa tisa:
mtu yuleyule bado mtoto, anachapwa kwa kuvunja gudulia.
Keshokutwa, wa sitini na tatu:
amekwisha kuzikwa, wanagombea mbuzi wake.
Basi nani alimfungulia mlango?
Nikamsihi Bi Mwatime anifungie njugu kwa wa arubaini na mbili.
Akanitazama juu ya miwani.
"Mwanangu, mimi nauza njugu.
Huo umekwenda Mkomani tangu jana."

Nikaufuata Mkomani.
Nikapiga hodi nyumba tatu nikiulizia karatasi yenye mafuta.
Ya kwanza walinicheka. Ya pili walinipa maji.
Nje ya ile ya tatu, punda wa kubeba mchanga
alikuwa anaumalizia ukurasa wangu,
macho nusu, kama msomaji mzoefu.

Kisha kamusi ya baba.
Ilikaa kidakani baina ya sahani mbili za mkwe wake,
na mchwa, waliopanda ukuta kwa ndani,
wakaila herufi S yote,
wakaacha R na T zikitazamana
mfano wa majirani walionuniana.
Nimekua bila siri, bila subira, bila samahani.
Hiyo ya mwisho nilikuja kufunzwa ukubwani
na mtu niliyeolewa naye,
na mpaka leo naitamka vibaya.

Nana hakuzijua herufi zangu.
Alizijua zake, zinazotoka kulia,
katika daftari la dawa la babu yake, wino rangi ya chai.
Usiku wa homa ya ndugu yangu tulilala kifudifudi mkekani,
yeye akisoma lake kutoka kulia,
mimi nikiandika langu kutoka kushoto,
tukakutana katikati, kwenye mdalasini.
Homa ilishuka alfajiri. Sisemi ni daftari.

Mwalimu Famau aliniazima kitabu kinene
alichokivika gazeti, kama anayekikinga na baridi.
"Nirudishie kabla ya Maulidi," akasema.
Akafa kabla ya Maulidi.
Mimi nilikuwa ukurasa wa mia mbili na tatu.
Ndipo nilipo hadi sasa, miaka thelathini na kitu.
Nikikimaliza itabidi nikirudishe,
na mwenyewe yuko wapi?

Mwaka jana, Malindi, nyuma ya soko,
kijana ametandaza gunia, juu yake vitabu vya shule,
vya kilimo cha pamba, vya sala,
na kimoja kisicho jalada.
Nikakifunua katikati bila kutazamia kitu.
Mlango. Usiku. Mvua.

Magoti yalinilegea, nikachuchumaa kwenye maganda ya machungwa.
Miaka yote hiyo nimemfungulia mtu yule:
mara ni mamake mlangoni, mara ni hasimu yake na taa,
mara, nilipokuwa na miaka kumi na minne,
ni mimi, nimesuka nywele.
Nikageuza.

Hakuna aliyefungua.
Alichoka kubisha, akaegemea,
mlango ukaenda wenyewe. Haukuwa na komeo.

"Unachukua, mama?" kijana akauliza. "Mia mbili."
Nikampa mia mbili, sikuomba apunguze.

Kituoni nikanunua njugu.
Karatasi nyeupe, mpya, haina neno upande huu.
Nikazimimina zote kiganjani,
nikaigeuza.