Viazi vya Mwaka 1421

Tulipewa tiketi za bure, sisi watu wa Hradlice,
kwa kuwa vita vilikuwa vyetu.
Ukumbi ulinuka makoti yaliyolowa,
na mzee Bohumil, aliyelipwa siku nne kufa matopeni,
alikaa safu ya mbele, amenyoa ndevu
kama mtu aliyealikwa harusini.

Daftari la parokia nimelitunza miaka kumi na tisa.
Daftari lasema: mvua, majuma saba.
Filamu ikasema: jua.
Jua kila asubuhi, jua kwenye deraya,
jua kwenye meno ya mfalme, meupe kama chokaa mbichi.

Tena wakala viazi!
Mpishi wa ngome alivimenya polepole, kamera ikamsogelea,
wakati kiazi, mwaka ule, bado kimelala ng'ambo ya bahari
ambayo kwetu hakuna aliyeijua.
Nikamgusa Drahomíra kwa kiwiko.
Akaninyamazisha.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Hii ilikuwa ya saa tatu kasoro dakika kumi.

Katika daftari yumo Markéta, mjane wa msaga nafaka,
aliyefungua lango dogo usiku
kwa sababu mwanawe wa tatu alikuwa akilamba kuta za ghala
na wa nne hakuweza tena kulamba kitu.
Padri aliyaandika hayo kwa mistari miwili;
wino ukamwishia katikati ya neno chumvi.

Mjane huyo filamu ilimpa upanga.
Ikampa farasi, na kijana wa kumbusu
juu ya mnara ambao haukuwahi kujengwa.
Lango likavunjwa kwa moto na matarumbeta,
na yeye akalilinda, nywele zikipepea,
akapiga kelele kuhusu uhuru.
Watu waliuawa kwa mamia. Hakuna aliyesikia njaa.

Ukumbi ulipiga makofi. Nami mikono yangu
niliikalia.

Lakini kuna kitu.
Karibu na mwisho mfalme anahutubia,
na nyuma yake, pembeni kabisa mwa picha,
Bohumil amelala, amekufa vizuri.
Kisha maiti ananyoosha mkono,
anavuta joho la maiti mwenzake,
anajifunika miguu.
Sekunde mbili. Mkata filamu hakumwona.
Sijui kama kuna mwingine aliyemwona.
Koo lilinikaba; nikamwamini yule mfu
kuliko yote niliyoonyeshwa tangu taa zizimwe.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ile ya daftari.
Bohumil alinisubiri kwenye ngazi, kofia mkononi.
“Uliniona?”
“Nilikuona.”
Akainamisha macho kama mtoto aliyevunja kikombe.
“Nisamehe,” akasema. “Miguu ilikuwa imeganda.”