Picha Safi Zaidi

Stoo ya baba tumeifungua leo, kufuli tumelikata kwa msumeno,
na boksi la kwanza limeniangukia begani.
Beta. Beta. Beta.
Mikanda mia tatu na arobaini, nimehesabu,
midogo kama Biblia za shule ya Jumapili,
na deki kumi na saba ambazo hazijawahi kuonja umeme.

Mwaka themanini na sita
kahawa ilipanda bei hata watu wa Kibosho
wakajenga vyoo kwa matofali ya kuchoma.
Baba, Eliawoni Shayo, hakujenga choo.
Alikusanya pesa ya misimu mitatu, akauza ng'ombe wawili,
mmoja ana mimba,
akavuka Holili kwenda Mombasa,
akarudi na makasha yenye maandishi
ambayo hata mwalimu mkuu aliyashika kichwa chini.

Ng'ambo ya barabara, Jivraj alileta Vi-echi-esi.
Mikanda minene, mizito, ya kuegeshea mlango.
Baba alicheka. Alicheka siku nzima, mama anasema,
akiwavuta wapita njia waje walinganishe:
"Tazama nyusi za huyu mwigizaji. Hesabu unywele mmoja mmoja.
Kwa Jivraj utahesabu?"
Waliingia, wakahesabu, wakakubali.
Chai wakanywa.
Kisha wakavuka barabara.

Kwa sababu shemeji yake Mangowi alikuwa na Vi-echi-esi.
Kwa sababu harusi ya Machame ilirekodiwa kwa Vi-echi-esi.
Kwa sababu ukiwa na deki ambayo jirani hana,
utamwazima nani mkanda, na nani atakuazima?
Mtu hanunui picha, baba.
Mtu ananunua shemeji.

Hili hakuna aliyemwambia. Au walimwambia
naye alikuwa anapangusa kioo.

Mwaka uliofuata Jivraj alivuka mwenyewe, kofia mkononi:
"Shayo, nipe zote kwa nusu bei, nitajua pa kuzitupa."
Nusu bei! Baba alimfungulia mlango atoke.
Mwaka wa pili, robo. Mlango ule ule.
Mwaka wa tatu Jivraj hakuvuka.

Hapo ndipo ninapogota kila nikipiga hesabu.
Kununua vibaya, nani hajanunua vibaya?
Lakini kukataa mara mbili, kwa ajili ya nyusi!
Niliitwa Weruweru; nikasoma muhula mmoja.
Ada yangu ndiyo hii, imenidondokea begani
na vumbi lake.

Nasema hivyo, na mimi nina duka,
na chini ya kaunta zimelala chaji mia nne za pini ya zamani,
nilizouziwa Kariakoo na kijana aliyeapa kwa jina la mama yake.
Wateja wanauliza, "Dada, Taipu-Si ipo?"
Nami, Mungu anisamehe, najibu:
"Chukua hii. Hii ndiyo imara zaidi."
Na sauti inayotoka siyo yangu.

Mama hakuwahi kumsema.
Alikuwa na ekari moja ya mpunga Chekereni,
na kwelea hawana adabu.
Asubuhi moja alipasua mkanda kwa kisigino,
akavuta utepe wote, akaufunga fito kwa fito,
kisha mwingine, kisha mwingine,
filamu nzima nzima juu ya mashuke,
upepo ukizicheza bila umeme.
Kwelea walikuja kama wingu,
wakaona,
wakageuka kuelekea shamba la watu.

Baba alisimama kwenye tuta, suruali imekunjwa magotini,
akitazama ule mmetometo mpaka jua likamchoma utosi.
Tukadhani analia.
Akasema, taratibu, bila kutugeukia:
"Mnaona? Ule wa Jivraj
usingeng'aa hivi."