Tarehe Kumi na Tano

Sentimita saba kwa tisa: huo ndio uwanja niliopewa
nimwozeshe humo mdogo wangu Zulmira.
Chupa themanini zimepanga foleni ghalani, uchi,
kila moja na mstari wa chaki begani,
chaki ya Baba, ambaye haandiki mwaka,
kwa kuwa mwaka, asema, ameshaubeba mgongoni.

"Kizuri chajiuza," alinitupia neno mlangoni.
"Nani kakwambia kivishwe shati?"
Nyuma yake ukuta wa mawe meusi,
mawe ambayo mlima wetu wa Pico uliyatapika
na babu zetu wakayapanga, jiwe juu ya jiwe, bila udongo,
upepo wa chumvi usije ukaunguza mizabibu.
Shati yeye huvaa Jumapili,
na hulivua kabla ya supu.

Lakini Zulmira anataka dhahabu.
Anataka ua la hortensia, buluu; si buluu ile, hii.
Na Bi Eduarda, mama wa bwana harusi,
amevuka kutoka Faial na kivuko cha asubuhi
kuja kuniambia jina la mwanawe litimie:
Anselmo Tibúrcio Goulart da Silveira Bettencourt.
Jina lina vyumba vingi kuliko nyumba watakayopanga.
Nikazipunguza herufi, zikawa siafu safarini.
Nikalikata mistari miwili, Zulmira akabanwa pembeni
kama mtu aliyekuja harusini bila kadi.

Nikafuta. Nikachora. Nikafuta.
Niliweka mlima, ukafanana na titi.
Niliweka pete mbili, zikafanana na baiskeli.
Mwishowe nikaacha ukuta tu,
mawe ishirini na mawili ya wino mweusi,
na katikati pengo
la kupita mtu na kikapu.
Juu: Zulmira na Anselmo. Basi.
Chini: tarehe.

Printa ya parokia ilikohoa usiku kucha.
Padre alinidai pakiti mbili za karatasi, na chupa moja.

Nilikuwa na mkasi mkononi nilipoiona.
Harusi ni tarehe kumi na nne.
Mimi nimeandika kumi na tano.
Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano,
meza nzima, hadi kwenye viti,
na wino umekwisha, na duka limefungwa,
na kesho ndiyo kesho.

Baba akaingia na bakuli la maziwa.
"Gundi ya dukani itakuaibisha kwenye barafu.
Maziwa hushika." Hakusema nani alimfundisha.
Akaketi, akachovya brashi, akabandika ya kwanza, kombo.
Nikamwonyesha kosa langu kwa kidole.
Akavaa miwani. Akasoma polepole,
kama mtu anayesoma bili ya umeme.

"Kumi na nne ni ya watu," akasema.
"Ya Eduarda, ya padre, ya wapiga tarumbeta.
Kumi na tano ndiyo siku wataamka
waulizane nani anaosha vyombo.
Bandika."

Tukabandika mpaka vidole vikanuka ndama.
Hakusema tena neno, ila mara moja,
alipoinua chupa kwenye taa, akaitazama ilivyovaa:
"Hm."

Harusini hakuna aliyesoma.
Bi Eduarda alisoma, mara mbili,
kisha akaniangalia mimi,
nami nikaangalia pweza wangu kwenye sahani.

Asubuhi nilirudi kukusanya vitambaa vya meza.
Kwenye ngazi ya jikoni, beseni la mapovu,
Zulmira na khanga ya usingizi bado usoni,
viatu vyeupe vimetupwa mmoja huku mmoja kule,
na kati yao wawili chupa, nusu,
lebo imebanduka ncha, maziwa au si maziwa,
chini yake chaki ya Baba haijafutika.

Anselmo ndiye aliyekuwa akiosha.
Ameshavunja glasi tatu.