Pale Kanda Ilipokatika

Sista Milande hakuwa na hela siku ile.
Redio ya wodi ilikuwa imekufa spika,
akateremka nayo Bugando kwa miguu hadi kibandani, Makoroboi,
akalipa kwa kanda moja isiyo na kasha.
"Huyu ni wa kwetu, Haiti. Usinirudishie."

Hivyo ndivyo Anelia Dorvilus alivyoingia Mwanza:
ndani ya mfuko wa aproni,
kati ya kipimajoto na rozari.

Baba yangu, Lushinge, fundi,
hakujua Kihaiti hata cha kuombea chumvi.
Lakini aliinamisha sikio
kama anavyosikiliza waya uliolegea, akasema:
huyu mama amebeba kitu kizito kichwani
na hajakitua.

Ilikuwa kweli. Sista alitusimulia kidogo kidogo,
kila redio ilipoharibika, nayo iliharibika sana:
binti wa dobi, mlima mkavu juu ya Gonaivu,
ndoo mbili kabla ya shule, mbili baada ya shule,
maji ya kufulia mashuka ya watu wengine.
Wimbo wake wa kwanza aliutunga akihesabu hatua.
Alipokua na jina, wakubwa wakamwita aimbe karamuni.
Akaja na ndoo tupu,
akaitua mezani katikati ya mapochopocho,
akaondoka hajafungua kinywa.
Kuanzia hapo redio za nchi zikamsahau kwa amri.
Alifia ugenini, mji wa theluji,
akifua mashuka ya hoteli.
Kwao walizika gauni.

Neno moja tu tulilishika: dlo.
Maji.
Linarudi na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Na wewe uliyezaliwa Mabatini unajua:
ziwa lile pale, linang'aa mpaka linaudhi,
na bomba linatema hewa.
Saa kumi alfajiri unapanda mawe na ndoo,
mguu wa leo ukitafuta alama ya mguu wa jana.
Nani angehitaji kamusi?

Kisha mashine ikaitafuna kanda.
Baba akakata palipoliwa, akaunga
kwa rangi ya kucha ya mama, nyekundu,
(mama alinuna wiki nzima).
Pakabaki shimo katika ubeti wa pili:
pumzi tatu za kimya.

Nkwimba, mkaanga mapanki wa Igogo,
aliujifunza wimbo pamoja na shimo lake.
Akautia Kisukuma, akautia jina la mtaa wake,
akautia bei ya dumu moja.
Jumatatu moja wanawake arobaini
wakaenda ofisi ya maji na ndoo tupu, wakizipiga.
Walipofika pale,
mikono yote ikabaki hewani.

Mlinzi alikuwa amejiandaa kwa kelele.
Kwa kile hakujiandaa.
Dirisha la juu likafunguka.

Maji yalikuja?
Yalikuja Alhamisi, Jumapili yakaondoka.
Sikudanganyi.
Wakarudi tena, na tena, mpaka yakazoea kukaa,
si kila siku, lakini yanakaa.
Na watoto wa shule ya msingi, wakicheza rede,
hufika pale wakaachia mpira hewani,
wakidhani ndivyo Anelia alivyotunga.

Baba hayupo. Kibanda ni changu, nauza chaja.
Mwaka jana mwanangu aliupata wimbo mzima kwenye simu.
Nikafunga mlango, nikasikiliza peke yangu.

Pale kanda ilipokatika, Anelia anakohoa.
Mtu nyuma anacheka.
Ndoo inatuliwa sakafuni, nimeisikia,
na maji yanacheza ndani yake
kabla ya kutulia.
Basi. Wimbo unaendelea.

Sijamwambia Nkwimba.

Jana alfajiri walipita hapa, yeye mbele, mgongo umepinda,
wakienda kuidai tena valvu ya Mabatini.
Wakafika ubeti wa pili.
Wakanyamaza.

Mimi, ndani ya kibanda, gizani,
nikakohoa.