Ubao Usio na Bei

Asubuhi mama anafuta bei kwa kiganja,
anaandika nyingine, chaki ikimlalamikia.
Supu ya tambi: jana elfu ishirini,
leo ishirini na tano.
Bakuli ni lilelile.
Mfupa unachemshwa mara ya tatu.

Sisi wa Savannakhet mto tunauvuka kwa macho.
Ng'ambo ni Tailandi, mafuta ya kupikia yanatoka huko,
vitunguu saumu, sabuni, hata pilipili
tuliyokuwa tukiipanda wenyewe nyuma ya choo.
Vyote vinashuka boti vikidai bati, pesa ya kwao,
na pesa yetu, kipi, inabaki kujiuliza:
kipi inunue kipi?

Kaka Somphone alivuka na begi la shule.
Sasa anaezeka bati, analipwa bati,
mwisho wa mwezi anatuma kidogo na ujumbe:
badilisheni za wiki hii tu,
kipi mkononi ni barafu.

Shangazi Khamla hakuwa na wa kumwandikia.
Miaka tisa aliweka akiba ya nyati
ndani ya kikapu cha wali. Panya hawakugusa noti hata moja.
Alipohesabu, mwezi wa tano,
zilitosha mguu wa nyuma.
Haba na haba ilijaza kibaba, kweli,
ila kibaba nacho, kumbe, kilikuwa kikikua.

Mwalimu Bounthavy huja saa mbili kamili.
Mshahara wake haujasogea tangu mvua za mwaka juzi.
Anaagiza nusu bakuli.
Nusu haimo ubaoni.
Mama anamjazia mchuzi hadi ukingoni,
nyama anaizika chini ya tambi
wengine wasiione,
naye asilazimike kushukuru.

Juzi walikuja wateja watatu, wakasoma ubao,
wakaondoka wakipapasa mifuko
kama watu waliosahau funguo.
Leo mama amefuta, hakuandika.
Chaki ameichomeka sikioni kama fundi seremala.
Mtu akiuliza, "Bei gani?"
anamtazama viatu kwanza,
ndipo anataja.

Usiku Somphone anapiga simu,
anataka kujua supu imefika ngapi.
Mama anaziangalia taa za ng'ambo,
anahesabu kitu kwa midomo,
kisha anamwuliza
kama huko kunanyesha.