Mkunjue Angali Mbichi

Alizaliwa Mbweni, saa nane na robo usiku, masika imekolea,
akatoka kama kiti cha kukunja kisichofunguka.
Zafarani, mama yake, akamlamba mgongo, akamlamba masikio,
akafika kwenye miguu ya mbele, akasita.

Nami nilisita.
Kwato zilitazama nyuma. Akajaribu kusimama,
akasimamia vifundo, kama mtu anayebisha hodi ardhini,
akaanguka. Akabisha tena.
Ardhi haikumwitikia karibu.

Daktari Kokuteta alifika kabla ya adhana,
buti zina tope la Bunju, kipima moyo shingoni.
Hakutusalimia. Akapiga magoti kwenye maranda,
akaushika mguu kama mtu ashikavyo mkono wa mgeni,
akauvuta polepole, macho kayafumba.
"Usiangalie," akaniambia. "Sikiliza kwa vidole.
Mfupa hukataa ghafla, kama mlango wenye komeo.
Kano hukataa kama mtoto asiyetaka shule:
anavuta, analia, halafu anakwenda."

Wa kulia ulikwenda.
Wa kushoto ulibakiza upana wa vidole viwili.

"Kwanza dang'a. Asiyesimama hanyonyi,
na asiyenyonya leo, kesho tutamzika."
Nikamkama Zafarani, maziwa mazito ya manjano,
katika kikombe cha chai cha mlinzi, hakikuwepo kingine.

Kulipokucha ikaja mashine ya eksirei, ndogo kama redio.
Umeme ukakatika.
Tukaazima jenereta la ukumbi wa harusi, jirani,
bado limebandikwa maua ya plastiki.
Picha ikaonyesha vijifupa vya goti: vipo vyote,
vimepangana kama punje za hindi, hakuna kilichosagika.

Kisha dripu. Dawa ileile ya homa za ng'ombe,
ila nyingi, na kwa mara moja.
Nikauliza dawa ya vijidudu inajuana vipi na kano.
"Inailegeza," akasema. "Kwa nini hasa, waulize waliosoma zaidi yangu.
Nenda kalete bomba."

Mangi wa duka la vifaa, Tegeta:
"Inchi tatu. La choo au la jiko?"
"La miguu."
Akalipasua katikati kwa msumeno, hakuuliza tena,
bei akanipunguzia.

Pamba, pamba nyingi, bendeji, ndipo bomba.
Masaa manne limefungwa, masaa manne limefunguliwa.
"Gango lisilofunguliwa lina meno," alisema Daktari.

Tajiri akapiga simu kutoka Upanga: "Atakimbia?"
"Atasimama."
"Nimeuliza kama atakimbia."
"Nimekusikia."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Hawakusema nani alimkunja huyu,
miezi kumi na moja gizani, hana pa kugeukia.
Kazi yetu ilikuwa kinyume: kumkunjua
kabla hajakauka.

Usiku wa tatu simu yangu iliita, mimi sikuamka.
Asubuhi nikakuta kidonda juu ya kifundo cha kushoto,
kikubwa kama sarafu ya shilingi hamsini.
Nilidhani Daktari atanifokea.
Akanionyesha tu, upya, jinsi ya kukunja pamba,
na hilo ndilo lililonikosesha chakula cha mchana.

Siku ya sita alikanyaga.
Hakubisha hodi: alikanyaga, kwa nyayo za kwato,
hatua tisa, nilizihesabu, hadi kwa mama,
akanyonya mwenyewe, mkia unapigapiga
kama kitambaa cha mtu aliyeshinda kesi.
Nikasogea kumpongeza.
Akanipiga teke la pajani.

"Limeuma?" Daktari aliuliza, anaosha mikono kwenye ndoo.
"Limeuma."
"Mguu gani?"
"Wa kushoto. Wa nyuma."
"Huo haukuwa na shida. Subiri akupige kwa ule wa mbele,
ndipo unipigie simu."

Bado nasubiri. Wa mbele umeelekea nje, kidogo,
kama mtu anayekusikiliza huku anatazama barabara.
Kila asubuhi nasimama karibu naye
kuliko inavyofaa.