Ndoano ya Mwanakondoo

Maboksi kumi na manane yametutangulia Coyhaique,
yako stendi ya mabasi, nyuma ya kaunta ya Don Eleuterio,
ameyaandika kwa kalamu nene: MAJI YA BIBI.
Ndivyo tunavyosafiri sasa. Ramani haina kauli.
Maji ndiyo yanayosema leo twende, leo tulale.

Mara nne kwa siku nasimamisha gari.
Nafunga madirisha, maana upepo wa huku umebeba mchanga
na haubishi hodi.
Nafuta meza kwa spiriti, navaa barakoa,
nanawa mpaka viwiko, polepole kuliko kasisi.
Mfuko umepata moto juu ya dashibodi:
lita mbili, uzito wa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Edelmira anapandisha sweta. Mrija uko pale, kando ya kitovu.
"Haya," ananiambia, "mwagilia bustani."

Kwanza yanatoka ya zamani.
Naweka gazeti la juzi nyuma ya mfuko:
nikiweza kusoma bei ya sufu, tumesalimika.
Herufi zikifanya ukungu, tugeuze,
na hospitali iko saa tisa nyuma yetu.
Hizo saa tisa hatujamwambia binti yetu.

Kusini ya Cochrane matope yalitumeza hadi ekseli.
Doña Rudecinda alitukokota kwa ng'ombe wake wawili
akatuingiza jikoni, viatu na vyote.
Alitazama mfuko. Akatazama dari.
"Hapo hutundikwa mwanakondoo," alisema,
"ila leo hatujachinja."
Akapanda kigoda, akaing'oa ndoano,
akaichemsha bila kuambiwa.

Kibuyu cha mate kikazunguka.
Edelmira alinyonya funda moja, funda lake la jioni yote.
"Na figo hizo, mama, si ungekaa kwako?"
"Kwangu pia ningetundikwa," alijibu.
"Huku angalau kuna mto dirishani."

Alfajiri gazeti lilikuwa limelowa, halifai.
Rudecinda akafungua kopo la biskuti, akatoa barua
ya mwanawe wa Punta Arenas.
Niliishika nyuma ya maji yaliyotoka.
Maangavu. Kila neno lilisimama:
*Mama, Krismasi hii nakuja, Mungu akipenda.*
Tarehe ilikuwa ya miaka sita nyuma.

Nikataka kuirudisha.
"Endelea," alisema, akikaa. "Soma kwa sauti.
Mimi hiyo sijui inasemaje mwishoni."